UONEVU SHULENI: KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Hotuba ya walimu wa shule za msingi kwa wazazi, wanafunzi na wageni, katika maadhimisho ya Siku ya Mtoto wa Afrika, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Jamii,
Waheshimiwa wageni kutoka serikalini na kutoka mashirika,
Viongozi wa dini na wazee wetu,
Ndugu wazazi, walimu wenzetu, nanyi wanafunzi mlioketi hapa mbele juani,



Awali ya yote tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku hii. Tunaishukuru pia Kamati kwa kutupa nafasi sisi walimu kusema machache. Tuliombwa tuzungumze juu ya maendeleo ya elimu katika kambi yetu. Tulikaa, tukashauriana, tukaona kwamba hatuwezi kuzungumzia maendeleo kabla ya kusema neno moja ambalo wote tunalijua na wote tunalinyamazia. Neno hilo ni uonevu. Watoto wetu wanaonewa shuleni. Wanaonewa na wenzao, na mara nyingine wanaonewa na sisi wenyewe.

Siku hii ina historia. Tarehe 16 Juni 1976, huko Soweto, Afrika Kusini, maelfu ya wanafunzi waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa lugha ya Kiafrikana. Polisi waliwafyatulia risasi, na wengi waliuawa. Mwaka 1991 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaifanya tarehe hiyo kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika. Tunawakumbuka watoto waliokataa kudharauliwa kwa sababu ya lugha yao. Lakini juma hili hili, katika viwanja vya shule zetu, kuna mtoto anachekwa kwa lafudhi ya mama yake. Tutawakumbukaje wale wa Soweto ikiwa huyu wa kwetu hatumwoni?

KISA CHA MTOTO MMOJA

Tuwaambieni kisa kimoja. Jina la mtoto tunalihifadhi, na shule pia hatutaitaja.

Miaka kadhaa iliyopita tulipokea mvulana wa miaka kumi na mitatu. Vita vilikuwa vimemkatiza masomo, kwa hiyo aliandikishwa mwaka wa pili wa msingi, akaketi pamoja na watoto wa miaka saba na minane. Miguu yake haikuenea chini ya dawati. Siku ya kwanza mtoto mmoja akamwita "Babu". Darasa zima likacheka. Siku ya pili jina lilikuwa limeshika. Juma la pili lilifika bombani, na kutoka bombani likafika uwanja wa mpira.

Sisi tulisikia, tukatabasamu. Tulidhani ni mzaha wa watoto. Ikafika siku mwalimu mwenyewe, akiwa na watoto zaidi ya mia mbele yake na jina halisi limempotea, akasema: "Babu, futa ubao." Darasa lilicheka hata chaki ikaanguka. Mvulana akainuka, akafuta ubao, akarudi kuketi.

Baada ya hapo alianza kukosa. Tuliandika "hayupo" katika daftari la mahudhurio, siku baada ya siku, bila kuuliza. Siku moja ya mgawo wa chakula mama yake alitukuta kwenye foleni, akatusalimu kwa heshima, akauliza: "Mwalimu, ripoti za watoto zitatolewa lini? Mwanangu kila siku anaondoka asubuhi na daftari lake." Mtoto yule alikuwa hajaingia darasani kwa majuma matano. Alikuwa akienda kwenye mashimo ya matofali, akificha daftari kwenye majani, akirudi nyumbani saa za kutoka shule.

Tulimfuata. Tulimwuliza kwa nini hakutueleza. Akajibu kwa sauti ya chini, bila hasira: "Ningemwambia nani? Mwalimu mwenyewe ananiita hivyo."

Ndugu wazazi, neno hilo tumetembea nalo hadi leo. Chuoni tulikosomea ualimu tulifundishwa kuandaa somo, kupanga ubao, kutunga mitihani na kusahihisha. Hatukufundishwa hata siku moja la kumjibu mtoto yule.

UONEVU NI NINI

Wapo watakaosema: "Watoto ni watoto. Sisi pia tulitaniwa, tukakua." Ni kweli, na tusichanganye mambo. Utani ni desturi yetu njema. Watani hutaniana katika harusi na hata katika msiba. Lakini utani una sheria yake: ni wa pande mbili. Leo unanitania, kesho nakutania, na sote tunacheka. Ugomvi nao ni kitu kingine. Watoto wawili wenye nguvu sawa wakigombania mpira, watapigana, na kesho watacheza pamoja.

Uonevu una alama tatu. Ya kwanza, unakusudiwa kuumiza. Ya pili, unarudiwa rudiwa. Ya tatu, nguvu si sawa: mmoja ni mkubwa na mwingine mdogo, au wao ni kundi na yeye yuko peke yake, au wao ni wenyeji wa darasa na yeye ni mgeni. Alama hizi zilielezwa na mtaalamu Dan Olweus, aliyefanya kazi yake huko Norway tangu miaka ya 1970. Mwaka 1982 katika nchi hiyo wavulana watatu walijiua, na ikaaminika kwamba chanzo kilikuwa kuonewa na wenzao. Mwaka 1983 serikali ikaanzisha kampeni katika shule za nchi nzima. Norway haikuwa vitani wala haikuwa na njaa. Basi uonevu si ugonjwa wa wakimbizi. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa taarifa iliyokusanya habari za nchi 144, ikaonyesha kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi uliotangulia.

Lakini kwetu uonevu una sura zake, nasi tunazijua. Kuna kumcheka mtoto kwa kabila lake, au kumwambia kwamba baba yake alikuwa upande fulani wa vita. Wenzetu kutoka Burundi walipofika kwa wingi mwaka 2015, watoto wao walichekwa kwa namna walivyotamka Kiswahili, wakati sisi Wakongo tuliofika mwaka 1996 na 1997 tulichekwa hivyo hivyo tulipotamka kwa namna ya Fizi na Uvira. Kuna kumdhihaki yatima, mwenye ulemavu, mwenye kifafa, mwenye ualbino. Kuna kumnyang'anya mdogo ndoo yake bombani, au sabuni na daftari alizopewa. Kuna kumtenga mtu asicheze, ambako hakuachi alama mwilini na kwa hiyo mzazi hakuoni. Siku hizi kuna na simu: picha ya binti inapigwa kwa siri, inazungushwa katika makundi ya WhatsApp, na asubuhi anakuta darasa zima limeiona.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Mtoto anayeonewa huanza kuumwa tumbo kila asubuhi. Alama zake hushuka. Analowesha kitanda wakati alikuwa ameacha. Anakuwa mkali kwa wadogo zake. Wasichana huacha masomo, na aliyeacha masomo kambini huolewa mapema. Mtoto huyu tayari alibeba vita kichwani mwake. Tulikimbia risasi, tukavuka ziwa usiku, tukasema hapa tumesalimika. Kisha mtoto anakutana na hofu nyingine darasani, mahali tulipomwambia kuwa ni salama. Kikulacho ki nguoni mwako.

SISI WALIMU NA FIMBO

Hatuwezi kuwaambia watoto waache kuonea wenzao huku sisi tumeshika fimbo. Mtoto anajifunza kwa macho kabla ya masikio. Akiona kwamba mkubwa akikasirika humpiga mdogo, naye akikasirika atatafuta aliye mdogo kuliko yeye.

Tuseme ukweli kuhusu kambi yetu. Shule zote 27 za msingi na sekondari za Nyarugusu, za Wakongo na za Warundi, ziliingia katika majaribio ya programu ya EmpaTeach yaliyofanyika kuanzia mwaka 2018. Walimu wa baadhi ya shule walikutana kwa vikundi, wakajifunza kutawala hasira na kuongoza darasa bila kupiga. Shule nyingine zilisubiri, ili zilinganishwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: haikuonekana kwamba viboko vimepungua katika shule zilizopata mafunzo kuliko zile nyingine.

Baadhi yetu tulitamani habari hiyo isisemwe. Tunadhani kinyume chake, kwamba isemwe ili tujifunze. Huko Uganda, wilaya ya Luwero, shirika la Raising Voices lilijaribu njia nyingine katika shule za msingi. Kazi ilichukua miezi 18, nayo haikuwa ya walimu peke yao. Wanafunzi walihusishwa, wakuu wa shule walihusishwa, na jamii ilihusishwa. Utafiti wa shule 42, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba hatari ya mtoto kupigwa na mtumishi wa shule katika juma moja ilipungua kwa asilimia 42. Sisi tunaona hapo somo: mwalimu peke yake, mwenye darasa la watoto mia, hawezi kubadilika kwa semina. Shule nzima ibadilike pamoja naye.

Na sheria zipo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataka nidhamu ya shule iheshimu utu wa mtoto. Mkataba wa Afrika wa mwaka 1990 unasema hivyo pia, na unamtaja mtoto mkimbizi kwa jina lake hilo. Tanzania, nchi iliyotupokea, ilitunga Sheria ya Mtoto mwaka 2009. Kongo nayo ilitunga sheria ya kumlinda mtoto mwaka huo huo wa 2009. Hakuna upande wa ziwa ambao mtoto hana haki.

TUFANYE NINI

Ndugu zetu, kulalamika hakutoshi. Tunaleta mbele yenu mambo saba, ambayo baadhi yake tumeshaanza kuyajaribu.

Kwanza, majina. Kila mwalimu ajue jina halisi la kila mtoto wake, na asitumie jina la kubandikwa hata kwa kutania. Darasa likiwa kubwa, watoto waandike majina kwenye vipande vya maboksi na kuviweka juu ya dawati. Ni kazi ya siku moja, na haina gharama.

Pili, mahali. Uonevu una anwani. Unakaa njiani, chooni, bombani na nyuma ya madarasa saa ya mapumziko. Mwalimu wa zamu asikae ofisini. Atembee mahali hapo hasa. Tumwulize kila mtoto achore ramani ya shule na aweke alama pale anapoogopa kupita. Mkiona ramani hizo mtashangaa jinsi alama zinavyoangukia mahali pamoja.

Tatu, mahali pa kusema. Shule nyingine ziliweka sanduku la barua. Lilikaa uani, kila mtu akiona nani ametia karatasi, na likabaki tupu. Ni afadhali kila shule iwe na walimu wawili, mwanamume na mwanamke, ambao watoto wenyewe wamewachagua. Habari iandikwe katika daftari la matukio, na baada ya juma moja mwalimu amwite tena mtoto kumwuliza: "Wameacha?" Swali hilo la pili ndilo linalomlinda.

Nne, tusiwapatanishe haraka. Mila yetu ni kuwaketisha wawili na kuwaambia wapeane mikono. Kwa ugomvi inafaa. Kwa uonevu ni hatari, kwa sababu mnyonge atalipa baadaye njiani. Kila mmoja asikilizwe peke yake. Aliyeonea aelezwe wazi alichofanya, wazazi wake waitwe, apewe kazi ya kurekebisha alichoharibu. Asiaibishwe mstarini mbele ya shule. Mara nyingi tukifuatilia tunakuta naye anaonewa nyumbani. Akiaibishwa, kesho atatafuta wa kumlipizia.

Tano, watazamaji. Wanafunzi, hapa tunasema nanyi. Watafiti nchini Kanada walipiga picha za video katika viwanja vya shule, wakakuta kwamba karibu kila mara mtoto alipoonewa kulikuwa na wenzake wanaotazama. Wachache waliingilia kati. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya matukio yaliisha ndani ya sekunde kumi. Sekunde kumi! Hatuwaambii mpigane. Usicheke. Mwite anayeonewa kwa jina lake zuri, mwambie, "Njoo tucheze huku." Kama unaogopa, kimbia ukamwite mwalimu. Huko si kuchongea. Anayechongea anataka mwenzake apigwe, na wewe unataka mwenzako aokolewe.

Sita, wazazi. Mtoto akisema ameonewa, msimwambie "nawe mpige". Msimwambie pia "vumilia". Msikilizeni mpaka mwisho, kisha njooni shuleni. Na mjihadhari na maneno mnayosema jioni motoni juu ya kabila la jirani. Maneno hayo tunayasikia kesho yake saa nne, mapumzikoni, kinywani mwa mtoto wa miaka minane.

Saba, na hili tunalisema kwa uzito. Kumshika msichana bila hiari yake, kumtaka mwanafunzi mapenzi, kumuahidi alama, iwe ni mwanafunzi mkubwa, mlinzi au mwalimu mwenzetu, hilo si uonevu wa kumalizwa shuleni. Ni kosa la jinai. Lisimalizwe kwa faini ya mbuzi, wala kwa wazee kukaa usiku. Mtoto aliyebakwa afikishwe hospitalini mara moja, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haifai tena baada ya hapo, kisha habari ipelekwe polisi na kwa watumishi wa ulinzi wa mtoto. Mwalimu atakayemficha mwalimu mwenzake hatustahili kumwita mwenzetu.

MAOMBI YETU

Ndugu Mwenyekiti, wageni waheshimiwa, tuna maombi matatu. Vyoo vya wasichana vitenganishwe na vya wavulana, viwe na milango inayofungwa kwa ndani. Mtoto anayeogopa choo hanywi maji siku nzima, na mwenye kiu hasomi. Pili, madarasa yapunguzwe ukubwa, hata kwa kugawa asubuhi na mchana. Katika darasa la watoto mia, macho ya mwalimu hayafiki nyuma, na nyuma ndiko uonevu unakoketi. Tatu, mafunzo ya walimu yasiwe ya siku mbili na posho. Yarudi kila muhula, yahusishe direkta, prefe, wazazi na wanafunzi, na matokeo yake tuelezwe hata yakiwa mabaya.

Tunajua fedha ni chache na mgawo wenyewe umepunguzwa mara nyingi. Ndiyo maana katika yale mambo saba tumeanza na yasiyodai fedha.

MWISHO

Mtauliza, yule mvulana ilikuwaje? Tulikwenda kwao, tukamwomba radhi mbele ya mama yake. Halikuwa jambo jepesi kwa mwalimu kumwomba radhi mtoto, na mama yake aliinamisha kichwa kwa haya. Alirudi darasani. Tuliwaambia watoto mbele yake kwamba kosa lilikuwa letu. Alisoma muhula mmoja na nusu, akajifunza kusoma na kuandika barua. Kisha akaondoka tena, safari hii kwa kuaga. Alisema amekuwa mkubwa mno. Hatukuweza kumzuia, kwa sababu hatukuwa na darasa la watoto wa umri wake.

Leo ni mtu mzima. Anafyatua matofali, na baadhi ya nyumba mnazolala zimejengwa kwa mikono yake. Tukikutana njiani hutuita "Mwalimu", nasi humwita kwa jina lake lote, la kwake na la baba yake. Kila tukilitamka tunakumbuka kwamba lilichelewa.

Watoto waliopo mbele yetu leo majina yao hayajachelewa. Tuyajue, tuyatamke, tuwalinde wenye kuyabeba.

Mungu awabariki watoto wetu, aibariki nchi iliyotupokea, na atupe amani ya kurudi kwetu.